Mpiga Picha wa Vita na Njia ya Lodwar

Watu wengi huzitazama picha za vita gazetini, kisha wakaufunua ukurasa wa pili, wasijiulize aliyezipiga alikuwa amesimama wapi. Mpiga picha afuatanaye na jeshi hula chakula cha askari, hulala walalapo askari, na huona yale tu ambayo mkubwa wa kikosi amemruhusu kuyaona. Hili yafaa msomaji alikumbuke kila aionapo picha ya namna hiyo.

Katika Kenya, njia ya watu hao ilipita Turkana. Barabara itokayo Kitale huteremka hadi Lodwar, penye mto Turkwel, ikaendelea Kakuma, kisha Lokichoggio karibu na mpaka. Hapo Lokichoggio Shirika la Msalaba Mwekundu lilifungua hospitali ya majeruhi wa vita vya Sudan mwaka 1987, na tangu 1989 ndege za Umoja wa Mataifa zilipeleka chakula ng'ambo. Wapiga picha wa nchi nyingi walipita huko, nao asiyekuwa na kibali cha wapiganaji wa kusini hakufika mbali.

Mkenya aliyesifika kuliko wote katika kazi hii ni Bwana Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943. Alipiga picha za mapinduzi ya Unguja mwaka 1964, na miaka miwili baadaye akafungwa huko kwa siku 27. Nchi ya Turkana aliijua vema, kwani mwaka 1981 alitoa kitabu kizima juu ya ziwa lake. Picha zake za njaa ya Ethiopia, zilizoonyeshwa Oktoba 1984, ziliwafanya watu wa Ulaya na Marekani kutoa fedha nyingi mno.

Mwezi wa Mei 1991 serikali ya Mengistu ilianguka. Siku chache baadaye, huko Addis Ababa, Bwana Amin alikuwa akipiga picha ghala la silaha lililokuwa likiungua, mara likalipuka. Mkono wake wa kushoto ukapotea. Mwenzake John Mathai, fundi wa sauti, alikufa papo hapo. Naye hatajwi sana, kama ilivyo desturi kwa wasaidizi. Bwana Amin aliwekewa mkono wa bandia, akarudi kazini, hata alipokufa Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Visiwa vya Ngazija.

Anguko hilo hilo la Mengistu ndilo lililoijaza Kakuma. Maelfu ya wavulana wa Sudan, waliokuwa wamekimbilia Ethiopia, walifukuzwa makambini. Wengi walikufa katika mto Gilo, kwa maji na kwa risasi. Waliosalia walitembea miezi mingi, wakaingia Kenya mwaka 1992, na kambi ikajengwa Kakuma kwa ajili yao. Sasa kambi hiyo ina watu zaidi ya laki mbili, waliotoka nchi nyingi.

Watu hao wamepigwa picha na wageni mara nyingi, na pengine hawakupata hata kuziona. Mwaka 2008 baadhi yao walianzisha gazeti lao wenyewe, liitwalo KANERE, ambalo habari zake huandikwa na wakimbizi mle mle kambini.