Sampuli ya Namba Kamili Yenye Wastani Maalumu

Mjini Kisangani, Wagenia hutega samaki kwa vikapu vikubwa vyenye umbo la pia, vinavyofungwa kwenye majukwaa ya miti katika maporomoko ya mto Kongo. Tuchukulie kwamba mwalimu wa takwimu anatunga zoezi: vikapu 10, wastani wa samaki 7 barabara. Kwa kuwa samaki hahesabiwi nusu, jumla haina budi kuwa 70. Wastani wa 7.25 hauwezekani kwa vikapu 10.

Wengi hubahatisha namba 9, kisha ya 10 ikafidia. Njia hii ina kasoro: kikapu cha mwisho hubebeshwa ziada na upungufu wa vyote, hata pengine kikapewa idadi iliyo chini ya sifuri. Afadhali kompyuta igawe samaki 70 mmoja mmoja, kila mmoja katika kikapu chochote kwa nasibu. Mkengeuko sanifu huwa takriban 2.5. Ama samaki hao wapangwe mstari mmoja pamoja na vigawanyo 9, na nafasi za vigawanyo zichaguliwe kwa nasibu miongoni mwa 79. Hapo kila mgawanyo una uwezekano sawa, lakini mkengeuko hufikia 6.8 hivi, na vikapu vitupu si haba. Kwa hiyo kutaja wastani pekee hakutoshi kueleza sampuli.

Katika njia zote, namba 9 zikijulikana, ya 10 imekwisha kujulikana. Majaribio ya kitakwimu yanayodai namba zisitegemeane hayafai kutumiwa juu yake.