Kiti cha kupandisha wazee ku ngazi: mambo ya kupima mbele ya kununua

Bukavu haiko mji wa tambarare. Tangu Kadutu mpaka Panzi, nyumba nyingi zimejengwa mu mteremko, na mara nyingi mutu hawezi kutoka barabarani na kufika ku mlango bila kupanda ao kushuka ngazi. Kwa kijana, hiyo si kitu. Lakini kwa koko mwenye magoti mabaya, ao muzee aliyepigwa na AVC na upande mumoja umelegea, ngazi kumi na mbili zinatosha kumufunga mu nyumba. Haendi tena kanisani, anakosa randevu ya hospitali, na siku anajikaza kutoka peke yake, anaweza kuanguka.

Familia zenye watoto Ulaya ao Amerika zinasikia kwamba kule kuna kiti cha umeme kinachopandisha mutu ku ngazi. Watoto wanapendekeza kutuma kimoja. Mbele ya kulipa transport, ni vizuri kujua kile kiti kinaomba nini.

Namna kinafanya kazi

Kiti kinatembea juu ya reli ya chuma ao aluminiamu iliyolazwa pembeni ya ngazi, tangu chini mpaka juu. Watu wengi wanafikiri reli inafungwa ku ukuta. Kwa kawaida sivyo: iko na miguu midogo inayofungwa na vis ndani ya madaraja yenyewe. Uzito wote wa mutu, wa kiti na wa mota unaangukia pale. Viti vingi vinabeba kilo 120 mpaka 140, na vinaenda polepole: kanuni za Ulaya haziruhusu kupita sentimeta 15 kwa segonde moja.

Mota inakula umeme wa betri mbili za volti 12, zilizofichwa mu kiti. Umeme wa nyumba ni wa kuzijaza tu.

Mambo tatu ya kuangalia

La kwanza ni umbo la ngazi. Kama ngazi inanyooka, reli inanyooka pia, na fundi anaweza kuikata ikiwa ndefu kupita. Kama ngazi inakata kona, reli inatengenezwa kiwandani kufuatana na vipimo vya ile nyumba moja tu. Reli ya kona iliyotolewa mu nyumba ya Ubelgiji haitaingia mu nyumba ya Ibanda, hata ikiwa mupya. Hapo ndipo familia inaweza kupoteza feza nyingi.

La pili ni ugumu wa madaraja. Beto nzuri inashika vis. Daraja la udongo, la mawe yaliyopangwa bila sima, ao la matofali yanayomeguka haliwezi. Na ngazi ya inje, ile inayonyeshewa, inaomba kiti cha aina ingine kilichotengenezwa kwa mvua. Kile cha ndani kitaharibika.

La tatu ni umeme. Moto ikikatika, betri zenye kujaa zinaweza bado kupandisha na kushusha mutu mara kazaa. Lakini betri zikikaa siku nyingi bila kujazwa, zinakufa mbele ya wakati. Mu kartie ambapo delestaji inakamata siku mbili ao tatu, lazima familia ifikirie pia panneau ya jua, na fundi wa karibu anayejua kubadilisha zile betri. Bila hivyo, kiti kitabakia pambo.

Reli ya mkono inatangulia

Kama moja ya hayo mambo matatu inakosekana, kuko kazi ingine ambayo fundi wa kusude wa kartie anaweza kufanya kwa bomba za chuma: reli ya kushikilia kwa mkono. Kwa mzee anayeweza bado kusimama, mara nyingi ndiyo inamurudishia njia ya kutoka. Lakini lazima ifungwe sawasawa.

Urefu wake uwe karibu sentimeta 90, kupima tangu ncha ya daraja. Bomba liwe na unene wa sentimeta 4 hivi, ili vidole vizunguke na kukaza. Likipita ku ukuta, kuachwe nafasi ya sentimeta 4 ao 5 ili mkono usikwaruzwe. Reli isikatike katikati, na ipite daraja la mwisho kwa sentimeta 30 juu na chini, kwani mutu anahitaji kushika mbele ya kukanyaga daraja la kwanza na kisha kutoka ku la mwisho. Ncha zipindwe, zisikamate kitambaa ao mkono wa shati.

Nguzo ziingie ndani ya beto, si ndani ya lipu. Mu nyumba ya mbao, zifungwe ku miti inayobeba nyumba, si ku mbao za ukuta. Bomba lifungwe juu ili maji ya mvua yasiingie, kisha lipakwe rangi ya kuzuia kutu. Kazi ikiisha, mutu mzima avute reli kwa uzito wake wote. Ikicheza hata kidogo, fundi arudilie.

Mutu wa AVC anahitaji reli mbili. Kama mkono wa kuume ndio uko na nguvu, reli ya kuume inamusaidia kupanda. Wakati wa kushuka, ile reli iko upande wa kushoto, upande uliolegea, na hawezi kuishika.

Kupanda na kushuka

Wakati wa kupanda, mguu wenye nguvu unatangulia. Wakati wa kushuka, mguu mugonjwa ndio unatangulia. Anayemusaidia asimame daraja moja chini yake, hata kama wanapanda ao wanashuka, na asimuvute kwa mkono. Mustari wa rangi nyeupe ku ncha ya kila daraja, na taa ndogo ya jua usiku, vinasaidia macho yaliyochoka.

Kwa hiyo, mtoto wa Ulaya akipiga simu juu ya kiti, mutumie kwanza vipimo na picha za ngazi. Na siku ile ile, mwite fundi wa reli ya mkono. Hata kama kiti kitakuja siku moja, ile reli itabakia na kazi kila mara moto itakatika.