Kuogelea Nako Ni Usalama Kazini

Ndugu wafanyakazi, tukizungumza habari za usalama kazini tunataja mashine, moshi na dawa za mashambani. Maji tunayasahau. Na huku kwetu pwani ya Kisimayu maji ndiyo njia ya kwendea kazini, na kwa wengi ndiyo kazi yenyewe.

Wako wanaodhani kila mtu wa pwani anajua kuogelea. Sivyo. Mtoto wa Kibajuni aliyezaliwa Koyama, Chovai au Chula huyajua maji kabla ya kujua hesabu. Wazee wake ndio waliovua kasa kwa kumfunga samaki taza uzi mkiani na kumwachia akamgande kasa, na vijana wa visiwani wangali wakipiga mbizi miambani kutafuta kamba. Lakini mchukuzi wa bandarini aliyetoka bara, au kibarua wa mashamba ya Jamaame, somo hilo hakulipata. Na mto Juba anauvuka kwa mtumbwi, mamba wamo! Mafuriko ya mwaka 2023 yaliua watu zaidi ya 100 nchini Somalia, na bonde la Juba lilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa.

Hata huyo Mbajuni hodari hashindani na kusi. Tangu Aprili hadi Septemba bahari ya nje ya mwamba huchafuka. Kwa hiyo kuogelea ni nusu ya kinga. Nusu ya pili ni jaketi la kuokolea, chombo kisichojazwa kupita kiasi, na nahodha asiyeona haya kusema leo hatutoki.

Tukumbuke Mtongwe, Mombasa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyoundwa kuchukua watu 300 ilipakia 400 hivi, wengi wao wafanyakazi waliowahi kazi ya asubuhi mjini. Ilipinduka karibu na ufuko, wakafa watu 272. Wangapi wangeokoka laiti wangejua kuelea dakika kumi tu?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, nalo linashauri watoto wa shule wafundishwe kuogelea. Na wanawake je? Wapo wasemao heshima hairuhusu. Huko Nungwi, Unguja, Mradi wa Panje umefundisha wasichana wakiwa na mavazi ya kusitiri mwili mzima, basi hoja hiyo haina nguvu tena.

Tangu Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani limehesabu usalama na afya kazini kuwa haki ya msingi, kwa hiyo hatuombi hisani. Mwajiri anayempeleka mtu majini ampe jaketi, wala asimkate mshahara. Kila tawi litafute mwalimu miongoni mwa wavuvi, maana ujuzi tunao wenyewe. Darasa liwe wakati wa kaskazi, mahali ambapo maji hayapiti kifua, na somo la kwanza liwe kuelea chali.

Na wote wafunzwe hili: ukimwona mwenzako anazama usimrukie kama hukufunzwa kuokoa, atakukumbatia, mtazama wawili. Mtupie kamba, au dumu tupu lililokazwa kizibo. Akitolewa hapumui, mpulizie pumzi mdomoni papo hapo. Ile desturi ya kumning'iniza mtu kichwa chini inapoteza wakati tu, tuiache.