Kukadiria, Kukisia na Kukata

Kitenzi "kukadiria" kimebebeshwa maana mbili, na wanaotatizwa nazo si wanafunzi peke yao. Darasani, kukadiria namba ni kuiandika kwa tarakimu chache zaidi kwa kufuata kanuni maalumu. Katika mashamba ya Bukoba na Muleba, neno hilo hilo laweza kutumika pale mnunuzi anapoitazama kahawa ingali mtini na kubuni itatoa kilo ngapi, kama ilivyo katika biashara ya butura, ambayo Serikali imeipiga marufuku. Tendo la kwanza ni hesabu. La pili ni kubahatisha. Twapendekeza la pili liitwe "kukisia", na "kukadiria" kiachiwe hesabu.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Kwanza itajwe nafasi inayotakiwa; kisha itazamwe tarakimu moja tu iliyo kuumeni mwake. Ikiwa ni 0 hadi 4, tarakimu ya nafasi hiyo haibadiliki. Ikiwa ni 5 hadi 9, huongezwa 1. Hivyo kilo 47.38, zikikadiriwa hadi nafasi moja ya desimali, ni 47.4. Kilo 39.96 huwa 40.0, na sifuri ya mwisho isifutwe, kwani ndiyo ionyeshayo kuwa usahihi umefika sehemu ya kumi.

Yapo makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kukadiria kwa hatua. Kilo 47.46 zikifanywa 47.5, kisha 48, jibu limepotoka. Kwa kuwa tarakimu inayofuata nukta ni 4, kilo kamili ni 47. La pili ni kukadiria kabla ya wakati. Magunia matatu yenye kilo 52.4, 55.4 na 58.4 yana jumla ya kilo 166.2, yaani 166. Lakini kila gunia likikadiriwa peke yake, tutapata 52, 55 na 58, jumla 165. Kilo nzima imetoweka bila mtu kuiba. Basi hesabu ifanywe kwa namba kamili kama zilivyosomwa mizanini, na kukadiria kuje mwisho.

Limebaki tendo la tatu, ambalo halistahili kuitwa kukadiria hata kidogo: kuziacha tarakimu zote zilizo baada ya nukta. Kilo 47.96 huandikwa 47. Hili twaliita "kukata". Kukadiria mara humzidishia muuzaji, mara humpunguzia, na katika mizani nyingi tofauti hizo huelekea kufidiana. Kukata hakumzidishii kamwe. Kila panapokuwa na desimali, hasara ni yake.

Kwa hiyo istilahi hizi si pambo la vitabu. Stakabadhi ikiandikwa "uzito umekadiriwa hadi nafasi moja ya desimali", mkulima aweza kuihakiki mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Ikiandikwa "makadirio" tu, hana cha kuhakiki.