Ziwa Liko Busega, Kiu Iko Mashariki

Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, maeneo ya Bariadi, Maswa na Meatu yalimegwa kutoka Shinyanga, na Busega ikatoka upande wa Magu, mkoani Mwanza. Itilima nayo ilizaliwa kutoka Bariadi. Kwa mgawanyo huo mkoa mpya ulipata ufuko, kwa kuwa Busega ndiyo wilaya pekee kati ya tano inayogusa Ziwa Victoria, kwenye Ghuba ya Speke. Ghuba hiyo ilipewa jina la Mwingereza aliyefika ziwani mwaka 1858, ingawa wenyeji walikuwa wakivua humo tangu kale.

Jambo lisilofahamika kwa wengi ni kwamba Mto Simiyu hauishii mkoani humu. Hukusanya maji kutoka nyanda zinazopakana na Serengeti, hupokea Mto Duma, kisha humwaga ziwani katika Wilaya ya Magu. Mkoa umebeba jina la mto ambao mlango wake uko kwa jirani! Masika mto hufurika. Kiangazi maji hujificha chini ya mchanga, na wananchi hulazimika kuyachimbua.

Shida hiyo ni ya siku nyingi. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1947, ulijenga malambo mengi. Uliambatana pia na amri za kilimo na za kupunguza mifugo. Malambo yalipokelewa vizuri, amri zilichukiwa.

Leo tegemeo kubwa ni mradi wa kuleta maji ya ziwa kutoka Busega, unaogharimiwa kwa sehemu na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi pamoja na benki ya KfW ya Ujerumani. Hata hivyo, ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bariadi iko juu zaidi. Maji hayawezi kupanda yenyewe. Lazima yasukumwe kwa pampu, na nishati ya pampu hulipiwa. Ndiyo maana maji ya bomba yana ankara, na ndiyo maana si busara kuyategemea kunyweshea makundi ya ng'ombe.

Lambo la kijiji, basi, bado lina kazi yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Pamba ikilimwa hadi ukingoni, mvua ya kwanza huusomba udongo na kuufukia ndani ya lambo.