Kitenzi Kilichochubua Gari Langu

Gari lililokwisha kutumika hununuliwa kwa macho kabla ya kununuliwa kwa fedha, na macho hudanganyika upesi. Langu nililinunua mjini Kitale asubuhi ya mawingu, mwenyewe akiwa ametoka tu kulipangusa kwa kitambaa chenye mafuta. Lilikuwa jeusi, likimeremeta kama kioo. Nikaliendesha kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha Bungoma. Mvua ikaninyeshea njiani. Kesho yake jua lilipochomoza, nikaona boneti nzima imetandwa na mikwaruzo myembamba, imeuzunguka mng'ao wa jua mithili ya utando wa buibui.

Basi nikalipeleka kwa fundi mmoja wa jua kali pale Bungoma, nikamwambia maneno mawili tu: "Fundi, ning'arishie." Nikaenda zangu. Niliporudi jioni gari lilikuwa linang'aa kweli, ila kwenye ukingo wa boneti palikuwa na doa la kijivu, ukubwa wa kiganja, mahali ambapo msasa ulikuwa umeipita rangi na kufikia tabaka la chini. Nilighadhibika. Fundi akanijibu kwa upole, "Mwalimu, si wewe ulisema ling'are?"

Nami, niliyefundisha minyambuliko ya vitenzi kwa miaka mingi, nilikosa la kusema. Ng'arisha ni kauli ya kusababisha ya ng'ara. Kinataja tokeo, hakitaji njia. Anayepaka mafuta amening'arishia, anayepaka nta amening'arishia, na anayeikwangua rangi kwa msasa amening'arishia vilevile. Ilhali kazi hizo zinatofautiana kabisa. Mafuta na nta huujaza mkwaruzo usionekane, nao hurejea baada ya gari kuoshwa mara chache; ndiyo hila niliyouziwa nayo Kitale. Msasa na dawa ya kusugulia hufanya jambo jingine, ambalo wengi wetu hatulifikirii: haviondoi mkwaruzo hata kidogo. Mkwaruzo ni shimo, na shimo haliondoleki. Kinachoondolewa ni rangi iliyo kandokando yake, mpaka uso mzima ushuke na kulingana na kina cha shimo lile.

Sasa msomaji ajiulize kuna rangi kiasi gani ya kuondoa. Magari mengi ya siku hizi yana tabaka la juu lisilo na rangi, angavu kama kioo, ambalo unene wake ni takriban sehemu 4 hadi 5 kati ya 100 za milimita. Hilo linakaribia unywele mmoja. Tabaka hilo ndilo linaloikinga rangi ya chini na miali ya jua, na Kitale, iliyo takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, jua lake si la mzaha. Kanuni za Kenya zinaruhusu kuingizwa nchini magari yaliyotumika ambayo umri wake haujazidi miaka 8. Hivyo gari linaweza kushuka Mombasa likiwa limekwisha kusuguliwa huko lilikotoka, na muuzaji wa hapa akalisugua tena ili lipendeze. Kila msuguo unakula akiba isiyorudishwa.

Fundi wa pili niliyemwendea alianza kwa kupitisha ukucha juu ya mikwaruzo. Ukucha ukikwama, akasema, usiguse, kina kimezidi. Kisha akamwagia maji: mkwaruzo unaotoweka ukilowa aghalabu haujapita tabaka la juu. Aliliosha gari kwanza, akachagua sehemu ndogo ya kujaribia, akasugua kwa dawa laini kuliko zote alizokuwa nazo. Msasa hakuutoa kabisa. Aliniambia kwamba hata ule wa namba 2000, ambao ni laini sana, si wa mikwaruzo ya kuoshea. Wenzake huanza na 800 kwa kuwa una haraka.

Msasa, kwa njia, ni neno letu wenyewe. Ni jina la mti wa jamii ya mikuyu, ambao majani yake makavu yana ukali wa tupa, na maseremala waliyatumia kusugulia mbao kabla ya karatasi ya dukani kuurithi utumishi huo pamoja na jina.

Mikwaruzo ile ya buibui, alinieleza, haitoki barabarani. Hutoka katika kuosha. Vumbi la njia zetu lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko rangi ya gari, na kijana mwenye ndoo moja hulifuta gurudumu, kisha paa, kwa tambara lile lile. Huko ndiko kusugua. Kupangusa ni kingine, na kusuuza ni kingine.

Tuna vitenzi hivi tele: kukwaruza, kuparura, kuchubua, kukwangua, kusugua, kupangusa. Kila kimoja kina nguvu yake ya mkono na kina chake cha jeraha. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi, hata hivyo, hufunzwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha hutoka akahudumie wateja wanaosema Kiswahili, nasi wasomi tumeshughulika zaidi na istilahi za fonolojia na za bunge kuliko za gereji. Naona aibu kidogo kuliandika hilo. Mwalimu wa Kiswahili wa Bungoma au Kitale angeweza kuwatuma wanafunzi wake alasiri moja wakaandike maneno ya mafundi, kila neno na kazi yake, naye angepata kutoka kwao somo la minyambuliko lisilo kitabuni.

Doa la kijivu bado lipo. Juma lililopita nililirudisha gari kwa fundi wa kwanza, likiwa na matope. Nikamwambia, "Fundi, limwagie maji mengi, kisha upanguse. Usisugue." Akacheka, akaenda kutafuta ndoo ya pili.