Betri za Dunia, Mashamba ya Kolwezi

Mtaa wa Cité Gécamines, ndani ya jiji la Kolwezi, jimbo la Lualaba nchini Kongo (DRC), ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi. Ni mtaa wa nyumba za matofali zenye maji na umeme, na wakazi wake ni kama 39,000. Leo mgodi wa shaba na kobalti wa COMMUS, ambao kampuni ya Zijin ya China inamiliki asilimia 72 ya hisa zake na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, zilizobaki, umefika milangoni mwao. Tangu ulipofunguliwa upya mwaka 2015, familia nyingi zimelazimika kuondoka. Septemba 2023, Amnesty International na IBGDH, shirika la haki za binadamu la hapahapa Kolwezi, walichapisha ripoti ambamo waliohamishwa walieleza kwamba hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba fidia haikutosha kununua nyumba kama ile waliyoiacha.

Kobalti hiyo inatakiwa na viwanda vya betri, hasa za magari ya umeme. Kongo huchimba takriban asilimia 70 ya kobalti yote duniani, na dunia inaihitaji ili ipunguze moshi unaoipasha joto. Sipingi magari hayo. Ninachopinga ni kwamba Mkongo, ambaye mchango wake katika moshi huo ni mdogo mno, ndiye anayeambiwa afungashe vyombo.

Nyumba walau ina bei. Mashamba ndiyo yanayoniumiza zaidi. Kwa sheria ya 1973, ardhi yote ya Kongo ni mali ya serikali. Mwanakijiji wa pembeni mwa Kolwezi analima kwa ruhusa ya mila na neno la chifu, bila hati mkononi. Ripoti ileile inasimulia habari za wakulima 21 karibu na Kolwezi waliosema kuwa Februari 2020 askari walikuja na matingatinga, mazao yao yakafyekwa. Mtu akilipwa mihogo iliyokuwa shambani siku ile, amelipwa bukari ya msimu mmoja. Misimu ambayo yeye na wanawe wangeendelea kulima hapo hailipwi na yeyote. Pembeni ya mgodi, hata asiyehamishwa hupoteza: Machi 2024, mashirika ya RAID ya Uingereza na AFREWATCH ya Lubumbashi yalitoa ripoti kuhusu maji yaliyochafuliwa kuzunguka migodi mikubwa ya eneo hili, maji ambayo watu huyategemea kwa kuoga, kumwagilia na kuvua samaki.

Mbali sana na hapa, kaskazini mwa Norway na nchi jirani, Wasami wanafuga kulungu wa nchi za baridi. Aktiki inapata joto karibu mara nne ya kasi ya dunia nzima, na malisho yao yanaharibika. Juu ya hayo, huko Fosen, katikati mwa Norway, walijengewa mitambo ya umeme wa upepo kwenye malisho, nayo pia kwa jina la kuokoa hali ya hewa. Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba vibali vile vilikiuka haki zao. Mitambo haikusimama. Vijana wa Kisami waliziba milango ya wizara jijini Oslo mwaka 2023, na makubaliano ya mwisho yakapatikana Machi 2024. Wao walikuwa na mahakama ya kukimbilia, na bado iliwachukua miaka.

Kongo haina upungufu wa sheria. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zitenge asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji. Julai 2022 ilitiwa saini sheria ya kulinda Wambuti, Wabatwa na jamaa zao, wenyeji wa misituni, inayotambua haki yao juu ya ardhi. Sioni sababu ya wakulima wa Lualaba kunyimwa ulinzi wa namna hiyo pale kibali cha mgodi kinapoandaliwa Kinshasa.

Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya betri mwaka 2023, inayozitaka kampuni zichunguze madini yao yametoka wapi na kwa madhara gani, kisha ukausogeza wajibu huo hadi Agosti 2027. Serikali ya jimbo haihitaji kuingojea Ulaya. Inaweza kuanza sasa kudai kwamba kila kijiji kikutanishwe kabla kibali hakijatolewa, fidia ikadiriwe kwa miaka ya kilimo badala ya zao moja, na karatasi ambayo mkulima anatakiwa kuitia saini iandikwe kwa Kiswahili anachokisoma, si kwa Kifaransa peke yake.